Unaogopa Pango la Kitum? Noma ya Mlima Elgon ni kupanda mbio

Kama wewe ni mtu wa Nyamasaria, Manyatta, Kondele ama Mamboleo, kuna stori mbili lazima umeshasikia kuhusu Mlima Elgon. Ya kwanza ni ya mbogi fulani iliyoenda huko ikarudi na picha kali, mawingu yakiwa chini ya njumu zao. Ya pili ni ya pango lenye popo wa kuua. Stori ya kwanza inakufanya utake kuenda kesho. Ya pili inakufanya uulize kikundi chenu cha WhatsApp kama wote mko na akili timamu.

Sisi hatutakuambia usiende. Enda, na uende kabla hujatumia doh yote Mombasa. Lakini kabla mchange, elewa kitu kimoja: kinachoweza kukulaza huko juu si kile watu wanabonga sana juu yake. Si popo, na wala si nyati. Ni hesabu ndogo ya mita na masaa, na msee anayetoka kando ya ziwa ndiye anaifeli kwa urahisi zaidi.

Wacha tuipige pole pole.

Huu mlima ni upi hasa

Elgon ni volkano iliyozimika kitambo sana, kongwe kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro. Umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Upande wetu, Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka wa 1968, na ina ukubwa wa kilomita mraba 169. Inasimamiwa na KWS. Upande wa Uganda kuna hifadhi nyingine kubwa kuliko hii yetu mara kadhaa.

Huko juu hakuna ncha moja kama unavyoona kwenye picha za Mlima Kenya. Kuna kaldera, yaani shimo pana lililobaki baada ya volkano kujibomokea ndani. Ina upana wa kama kilomita 8 hivi, na vilele vimeizunguka kama meno. Kilele kirefu kabisa kinaitwa Wagagai, mita 4,321, na kiko Uganda. Kile ambacho Wakenya wengi hupanda ni Koitoboss, mita 4,222, kiko upande wetu. Ni mwamba mkubwa uliokatwa juu kama meza, na ukisimama pale unaiona kaldera yote ikiwa chini yako.

Na usidhani huu mlima haukuhusu. Sehemu ya maji ya Elgon huingia Mto Nzoia, na Nzoia inamwagika Ziwa Victoria kule Budalang'i. Kwa hivyo samaki unayemanga pale Dunga huenda ameogelea kwenye maji yaliyoanza safari yake kule juu kwenye baridi. Serikali huuhesabu Elgon kati ya chemchemi tano kubwa za maji nchini, pamoja na Mau, Aberdare, Cherangani na Mlima Kenya.

Hesabu ya mtu wa Nyamasaria

Sasa ndiyo hii hesabu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nyamasaria ni tambarare iliyo juu yake kidogo tu. Koitoboss ni mita 4,222. Toa moja kwa nyingine: unapanda karibu mita 3,000 kutoka kitandani mwako.

Umbali kwa barabara haukutishi. Kutoka Kisumu unapita Kakamega, unapita Webuye, unafika Kitale, kilomita mia moja hamsini na kitu. Kutoka Kitale unaingia Endebess, alafu lango la Chorlim. Ukitoka alfajiri, saa sita mchana unaeza kuwa tayari ndani ya hifadhi. Na hapo ndipo mtego ulipo.

Hewa ya huko juu ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia kama hewa ya Kisumu, lakini ni nyepesi. Msukumo wake umepungua. Ukivuta pumzi moja ukiwa Koitoboss, unapata oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile unayopata ukivuta pumzi hiyo hiyo pale raundabauti ya Nyamasaria. Ni kama mtu amekuuzia kilo ya sukari akaweka robo tatu kasoro.

Mwili wako unaeza kuzoea hiyo hali. Utapumua haraka zaidi, moyo utapiga kasi, utakojoa sana, damu itaanza kujipanga upya. Lakini hayo yote yanahitaji siku, si masaa. Mwili hauna njia ya mkato, hata kama umelipia.

Ndiyo maana watu wanaopanda milima hufuata kanuni moja rahisi: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na mahali utakapolala leo. Mchana unaeza kupanda juu zaidi ya hapo, lakini usiku unarudi chini. Kinachohesabiwa sana ni pale unapolaza kichwa.

Linganisha na ratiba ambayo mabeshte hupenda kupanga: toka Kisumu Jumamosi saa tisa usiku, fika juu mchana, piga picha, rudi Jumapili ndiyo Jumatatu uingie job. Hiyo ni mita 3,000 ndani ya masaa kumi na kitu. Wengine watarudi wakiwa sawa, ni kweli. Wengine watatapika njia yote. Na mara moja moja kuna mmoja ambaye mambo yatamwendea vibaya kabisa, na hakuna anayejua mapema atakuwa nani.

"Lakini mimi niko fiti"

Tunajua. Unapiga gym, unacheza boli kila Jumapili, umepanda Riat ukikimbia na vilima vya Kajulu unavijua kama kiganja chako. Poa sana, miguu yako itakushukuru. Lakini miguu na mwinuko ni vitu viwili tofauti. Riat na Kajulu ziko chini mno kuufundisha mwili wako kuishi na hewa nyepesi. Hata Kit Mikayi, ukiipanda mara mia, haitakusaidia kwa hilo.

Tena msee aliye fiti ana hatari yake mwenyewe. Anapanda haraka kuliko wenzake, anafika juu kabla mwili haujagundua nini kinaendelea. Yule mnayemcheka nyuma, anayetembea kama anaenda kuchota maji, mara nyingi ndiye anafika akiwa na sura nzuri.

Angalia mifano miwili ya Wakenya wenzetu kule Everest. Mei 2022, James Kagambi alifika kilele cha Everest akiwa na miaka 62, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Huyo ni mtu aliyekuwa amepanda na kufundisha watu kupanda milima kwa miongo mingi, na pole pole ndiyo lugha yake. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Cheruiyot Kirui, mmoja wa wapandaji milima waliopendwa sana hapa Kenya, alifariki karibu kabisa na kilele cha mlima huo huo akijaribu kuupanda bila mtungi wa oksijeni. Mwongoza njia wake kutoka Nepal alifariki pia. Kirui hakuwa mgeni wa milima, na nguvu alikuwa nazo. Everest ni karibu mara mbili ya Elgon kwa urefu, kwa hivyo hatusemi ni kitu kimoja. Tunasema hewa nyepesi haiangalii CV ya mtu.

Kichwa inauma: ni malaria ama ni mlima?

Hapa watu wetu wa Nyanza hukosea kwa njia yao wenyewe. Sisi tumelelewa na malaria. Kichwa ikiuma, mwili ukichoka, tumbo ikikataa dishi, mtu anasema "hii ni malaria", anameza dawa, anajifunika, analala. Hapa mtaani hiyo fikra ina sababu zake.

Sasa angalia dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu, usingizi kukataa. Unaona shida? Ni kama malaria imenakiliwa. Msee anaumwa na kichwa akiwa mita 3,500, anasema ni malaria ya wiki jana, anameza tembe, anaendelea kupanda ama analala pale pale. Saa nane usiku hali imekuwa mbaya, na wenzake wote wamelala.

Kwa hivyo weka hii kichwani: ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa imeanza kuuma, chukulia ni mlima hadi ithibitike vinginevyo. Kama ulikuwa na shaka ya malaria, pimwa kabla ya kutoka Kisumu, na ukikutwa nayo, safari ingoje. Mlima hauhami.

Kanuni ni tatu, na hazihitaji digrii:

Moja, ukiwa na dalili, usipande hata hatua moja zaidi. Kaa hapo, kunywa maji, pumzika.

Mbili, kama hazipungui ama zinaongezeka, teremka. Usingoje asubuhi. Hata kushuka mita mia tatu hadi elfu moja kunaweza kumbadilisha mtu kabisa.

Tatu, mgonjwa haachwi peke yake kamwe, wala hatumwi ashuke peke yake ndiyo nyinyi mfike kileleni.

Kuna dalili ambazo zikija hamna tena kujadiliana. Kama mtu anayumba kama amelewa na hajaonja kitu, mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kiguse vidole. Akishindwa, ubongo wake umeanza kuvimba. Kama anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinatoa sauti kama chungu kinachochemka, mapafu yake yanajaa maji. Zote mbili zinaua, na zinaua ndani ya masaa. Dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua.

Na pombe? Mzinga uache Kitale. Pombe hupunguza kupumua ukiwa umelala, na huko juu kila pumzi ina kazi. Pia inaficha dalili, juu mtu akiyumba mtasema ni kileo. Mtacheka na mtu anakufa.

Kama kwenu kuna sikoseli, soma hapa mara mbili

Ugonjwa wa selimundu, ile wengi wetu tunaita sikoseli, uko sana kwa jamii za ukanda wa ziwa na Magharibi. Mtu aliye nao akikosa oksijeni ya kutosha, chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa. Mwinuko mkubwa kwake ni hatari kubwa, na safari kama hii si ya kujaribu bila daktari kusema neno.

Lakini kuna kundi lingine ambalo halijijui: wabebaji. Hawa wamerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, hawaumwi, wanacheza boli kama kawaida. Wakiwa kwenye mwinuko mkubwa, wachache wao hupata shida ya bandama, maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Si wote, na si kila mara. Ila kama kwenu kuna mtu ana sikoseli na wewe hujawahi kupimwa, pimwa kwanza. Ni kipimo cha damu tu. Waambie na wenzako matokeo, ndiyo wajue maumivu hayo yakianza ni ya kushukia haraka.

Gari: shetani na malaika ni huyo huyo

Elgon iko na kitu ambacho njia nyingi za Mlima Kenya hazina. Kutoka lango la Chorlim, barabara ya vumbi inapanda ndani ya hifadhi, inapita msitu, inapita mianzi, hadi kama mita 3,500. Kukiwa kukavu na ndai ikiwa ni ya kusukuma magurudumu yote manne, unaeza kufika mwisho wa hiyo barabara ukiwa umekaa kwenye kiti unasikiza ngoma. Kutoka hapo hadi Koitoboss ni mwendo wa masaa matatu ama manne kwa miguu.

Hiyo barabara ndiyo inadanganya watu. Kwa miguu, ungechukua siku nzima ama zaidi, na mwili ungepata muda wa kuzoea. Kwa gari, unapandishwa bila kutoa jasho, alafu unashuka ukiwa na nguvu zako zote na kichwa ambayo haijui iko wapi.

Lakini gari hiyo hiyo ndiyo ambulensi yenu. Mtu akizidiwa saa sita usiku kwenye kempu ya juu, dakika chache za kushuka kwa gari zinafanya kazi ambayo mkimbeba mtachukua masaa. Kwa hivyo mkikodi gari, msikubali dereva awashushe aseme "nitarudi kesho kutwa". Mlipie alale huko na nyinyi, na mumbebee blanketi. Watu wengi hukata hiyo gharama kwanza. Ikate mwisho.

Ratiba inayolinda vichwa

Siku ya kwanza: toka Kisumu mchana, lala Kitale. Kitale iko karibu mita 1,900, kwa hivyo tayari umeanza kupanda ukiwa umelala kitandani.

Siku ya pili: ingia Endebess, kisha Chorlim. Lala chini, karibu na lango. Kuna banda za KWS zinaitwa Kapkuro, na kuna sehemu za kupiga hema. Mchana tembeeni msituni. Kuna miti mikubwa ya podo, kuna mbega weusi na weupe wanaoruka kama wamelipwa. Panda kidogo, rudi chini kulala.

Siku ya tatu: panda hadi mwisho wa barabara, kwa miguu sehemu ya njia kama mnaweza. Weka hema. Kula, kunywa maji, tembea pole pole jioni. Kila mtu aulizwe kichwa yake iko aje kabla ya kulala, na ajibu ukweli bila kujifanya chuma.

Siku ya nne: kama wote wako sawa, tokeni alfajiri kwenda Koitoboss. Mwe mmeshafika na kuanza kurudi kabla ya saa sita mchana, juu mawingu na radi hupenda kuja baadaye. Shuka hadi chini kabisa siku hiyo hiyo, lala Kitale ama urudi Kisumu kama dereva amelala vizuri.

Hizo ni usiku tatu. Tunajua bosi wako hapendi kusikia hivyo. Kama una wikendi tu, kuna njia nyingine: enda Jumamosi, lala Kapkuro, tembea msitu, rudi Jumapili. Hutafika kileleni, lakini utakuwa umeona mlima. Koitoboss iwekee likizo. Wakati mzuri ni kiangazi cha Desemba hadi Machi. Mvua ikishika, ile barabara inageuka uji.

Doh: kata huku, usikate kule

Jaketi usinunue mpya. Enda Kibuye siku ya soko, pekua mitumba, utapata jaketi za baridi ambazo Wazungu wamevaa mara mbili wakachoka. Tafuta pia sweta za sufi na suruali nyepesi za kukauka haraka. Jinzi iache kejani. Pamba ikilowa inakaa na maji, inakunyonya joto, na mtu anaeza kuzimika na baridi hata kama hakuna theluji. Kumbuka kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama nyuzi 6. Kisumu ikiwa 29 mchana, pale Koitoboss ni kama 10, na usiku maji kwenye chupa yanaeza kuganda. Poncho ya mvua, kofia, glavu, soksi mbili kavu za kulalia, tochi ya kichwani. Njumu ziwe zimeshavaliwa wiki kadhaa, si za kufungulia boksi Kitale.

Dishi: usibebe maharagwe wala githeri mbichi. Huko mita 3,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, kwa hivyo yatachemka na kuchemka na maharagwe yatakuangalia tu hadi gesi iishe. Beba vitu vya kuiva haraka ama vilivyoiva tayari: omena iliyokaangwa kavu, njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa, mkate, uji, noodles, chai na sukari nyingi.

Kiingilio cha KWS kinalipwa kupitia eCitizen, si kwa noti langoni. Bei zimekuwa zikibadilishwa, kwa hivyo angalia siku ile unalipa, na beba kitambulisho ndiyo ulipe bei ya raia. Pangeni pia na KWS mapema mpewe askari wa kutembea na nyinyi. Kuna nyati na tembo kwenye msitu, na ukungu ukishuka njia inapotea mbele ya macho yako.

Vitu vya kutokata ni vitatu: ule usiku wa ziada, lile gari linalobaki, na askari. Vingine vyote tunaweza kubishana.

Haya, na lile pango?

Kitum ni kweli, na stori yake ni kweli kwa sehemu. Ni pango linaloingia ndani ya mlima kama mita 200. Kwa vizazi vingi tembo wamekuwa wakiingia humo gizani usiku, wakigusa njia kwa mkonga, wakichimba ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Ni tembo wachache sana duniani wanaojulikana kufanya hivyo.

Mwaka wa 1980, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Magharibi mwa Kenya alitembelea pango hilo, akaugua virusi vya Marburg, akafariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa pia, lakini akapona. Mwaka wa 1987, mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark naye alitembelea Kitum, akafariki kwa ugonjwa huo huo. Richard Preston aliandika kuhusu hayo kwenye kitabu chake The Hot Zone cha mwaka wa 1994, na tangu hapo Kitum imekuwa jina la kutisha watoto. Baadaye wanasayansi waligundua kuwa virusi hivyo huishi ndani ya popo wa matunda wanaolala mapangoni.

Kwa hivyo fanya nini? Itazame Kitum ukiwa nje, mlangoni. Usiingie ndani kabisa kukaa na popo, usiguse mavi yao, usishike kuta na mikono mitupu alafu ule mandazi. Ukirudi na homa ndani ya wiki tatu na ulikuwa pangoni, mwambie daktari hivyo mapema, kabla hajaandika malaria.

Hiyo ni hatari ya kuheshimu, lakini ni watu wawili wanaojulikana kwa miaka yote hiyo, na unaeza kuiepuka kwa kutoingia tu. Mwinuko hauna mlango wa kutoingia. Kila mtu anayepanda Koitoboss lazima apite ndani yake.

Kabla uweke begi mgongoni

Usivuke kwenda Wagagai kimya kimya. Hiyo ni Uganda, na bila mipango na uhamiaji pamoja na wasimamizi wa hifadhi pande zote, wewe ni mtu aliyeingia nchi ya watu bila ruhusa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo beba chupa yako ya chuma ama ile ngumu ya kujaza tena. Mtandao wa simu huko juu unakuja na kupotea, na simu inaweza kushika laini ya Uganda ikakula kredo. Mwachie mtu mmoja hapa Kisumu ratiba yenu: mko wangapi, gari gani, mnalala wapi, na saa ngapi aanze kupiga simu KWS kama hamjaonekana.

Alafu kaeni chini kama kikundi mkubaliane kitu kimoja kabla ya kutoka, mkiwa bado mna akili na hewa ya kutosha: mmoja akisema "siko sawa", tunashuka wote ama wawili wanashuka naye, na hakuna wa kumcheka kwenye kikundi cha WhatsApp. Mkishindwa kukubaliana hilo mkiwa Nyamasaria, hamtakubaliana mkiwa mita 4,000.

Tuma hii kwa yule beshte wako ambaye amepanga Elgon ya siku moja. Mwambie aongeze usiku.